Jiwe la Mtungi

Nyumbani kwa bibi yangu, Kilwa Kisiwani, mtungi wa maji ulikaa juu ya jiwe. Lilikuwa tumbawe la kuchongwa, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na upande mmoja lilikuwa na nakshi iliyopita kama kamba iliyosokotwa. Upande wa pili ulikuwa umelika kwa maji. Sisi wajukuu tulipenda kunolea visu pale, na bibi alitufukuza kwa kata ya kuchotea maji. Alisema limetoka Husuni. Hakusema zaidi, wala hatukuuliza. Mtoto wa Kisiwani hukua akijua kwamba kitu chochote kilichochongwa kimetoka Husuni, au Makutani, au Msikiti Mkuu, kama vile samaki wanavyotoka baharini.

Nilikuja kuliwaza jiwe lile nikiwa mtu mzima, nafanya kazi Dar es Salaam. Mjomba wangu, mtoto wa pili wa bibi, alinipigia simu jioni moja. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia kwamba amepata kibarua kwenye ukarabati wa magofu, anachoma chokaa na kujenga, na kwamba amemwambia mama yake kuhusu lile jiwe na sasa mama yake hasemi naye.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia la Serikali.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili baadaye nilipanda basi la kusini, kilomita kama mia tatu, nikashuka Masoko na kuvuka.

Mgeni anayevuka kutoka Kilwa Masoko huona kwanza Gereza, ngome ya mraba iliyo ukingoni mwa maji, na wengi hudhani hiyo ndiyo Kilwa ya kale. Hapana. Mahali pale Wareno walijenga ngome yao ya Santiago mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512, na jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la mnamo mwaka 1800. Jina lake nalo lina safari yake. Wanaisimu wanasema “gereza” limetokana na neno la Kireno la kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa jela katika vinywa vya mababu zetu, mtu yeyote aliyesoma historia ya Wareno pwani hii anaweza kukisia. Husuni Kubwa iko mbali na hapo, upande wa mashariki, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kwenye njia ya vumbi, au dakika chache kwa chombo ukipita kandokando ya mikoko.

“Husuni” ni Kiarabu, maana yake ngome. Mtu akisikia “Husuni Kubwa” hutarajia minara na matundu ya mizinga, kisha anafika juu ya genge na kukuta kuta za vyumba, ua baada ya ua, ngazi, na birika la kuogea lenye pembe nane. Ni jumba la kifalme. Pembeni yake, ng’ambo ya kibonde, iko Husuni Ndogo, na hiyo ndiyo yenye sura ya ngome kwelikweli: ukuta mnene wa mstatili wenye minara. Lakini ndani yake karibu hamna kitu, na wasomi mpaka leo wanabishana ilikuwa ya kazi gani. Kwa hiyo tuna jumba linaloitwa ngome, na ngome ambayo haijulikani ilimlinda nani.

Aliyejenga jumba lile ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa tangu mnamo 1310 hadi miaka ya mwanzo ya 1330. Jina lake lilipatikana kwenye maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe palepale Husuni. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, yaani mtoaji. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakutana naye, na kisa alichokiandika kuhusu ukarimu wake husimuliwa mara nyingi, lakini kwa kawaida nusu tu. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu. Nusu ya pili ni hii: mtoto wa sultani alizichukua zile nguo kwa yule fakiri akamlipa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilipokisoma kisa hicho chuoni nilikisimamisha hapo kwenye watumwa ishirini. Hakuna aliyewauliza majina. Msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akifanya uvamizi bara, akiteka nyara na kutenga khumsi, fungu la tano, kama dini inavyoagiza. Vyumba vya Husuni ni zaidi ya mia moja. Nilipokuwa mdogo tuliingia kwenye lile birika la pembe nane, likiwa kavu, tukajifanya masultani, kila mmoja kwenye pembe yake. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyetaka kuwa mchota maji.

Mali ya kujenga vile ilitoka kwa dhahabu. Kilwa ilishika njia ya Sofala, na Sofala ndiko ilikofikia dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe. Jahazi zilikwenda na upepo na kurudi na upepo, zikibeba vitambaa na shanga kwenda, dhahabu na pembe kurudi. Masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo, zenye maneno ya Kiarabu yenye vina upande mmoja na mwingine. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na aliyeziona alikuwa mwanajeshi aliyewekwa pale wakati wa vita. Zilifikaje huko, kila mtu ana hadithi yake. Mimi nina ushahidi mmoja tu: nilipokuwa na miaka minane niliokota sarafu ya namna hiyo baada ya mvua, nikaibadilisha kwa kashata.

Hadithi ya asili ya mji wenyewe inajulikana na kila mzee wa Kisiwani, nayo imo katika habari za kale za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu na katika kitabu cha Mreno João de Barros: Ali bin al-Hasan wa Shiraz alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wa bara kwa kitambaa cha kukizunguka chote, kisha akachimba mkondo ili mwenyewe asirudi kwa miguu maji yakipwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta watu walikuwa wakiishi pale kabla ya hapo, tangu karne ya 9, wakila samaki, wakifua chuma. Bibi alikuwa na maoni yake kuhusu kile kitambaa. Alisema mtu aliyeuza kisiwa kwa kitambaa hakuwa anauza, alikuwa anamkaribisha mgeni, na mgeni ndiye aliyeandika habari.

Husuni haikukaa na watu muda mrefu. Inaelekea hata haikumalizika kujengwa. Zipo sehemu zinazoonyesha kazi iliachwa njiani. Katika karne hiyohiyo paa la Msikiti Mkuu, lile pana ambalo sultani huyo aliliongeza kwa kuba na matao, liliporomoka, na waumini walisubiri hadi karne ya 15 kulijenga upya, safari hii kwa nguzo nene zaidi. Nguzo hizo ndizo watalii wanazozipiga picha. Mwaka 1500 Cabral alifika, mwaka 1502 Vasco da Gama akadai kodi ya dhahabu akiwa na mizinga, na Julai 1505 Almeida akashusha askari wakauteka na kuupora mji. Miaka iliyofuata siipendi kuisimulia mfululizo, maana ni kuhesabu tu nani alimfuata nani. Ila mwaka 1776 usiachwe: mwaka huo Mfaransa aitwaye Morice alitiliana saini na sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Waomani wakashika mji miaka michache baadaye, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho akachukuliwa Maskati. Biashara ikahamia Kilwa Kivinje. Kisiwani wakabaki wavuvi na wakulima, na mibuyu ikaota ndani ya vyumba.

Babu yangu, mume wa bibi, alikuwa kibarua wa kubeba karai za udongo Neville Chittick alipoanza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi ile ndiyo iliyotoa ramani ya Husuni tunayoijua, na kitabu cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1974. Bibi aliikumbuka kwa namna nyingine: ilikuwa mara ya kwanza kwa babu kulipwa mshahara wa mwezi. Alinunua cherehani. Na alirudi nyumbani akisimulia kwamba Wazungu wanafurahia vigae kuliko vyungu vizima.

Mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini. Sisi tuliokua pale hatukuhitaji orodha. Ukuta wa Gereza unaotazama bahari ulikuwa umekwisha kuliwa na mawimbi. Husuni, mvua za masika zilitiririka hadi ukingoni zikichukua udongo, na kila mwaka ukingo ulisogea ndani. Miti iliyoota pale genge ilikuwa rafiki na adui: mizizi ilishika udongo usiporomoke, na mizizi hiyohiyo ilipasua kuta. Ukikata mti, genge linakwenda. Ukiuacha, ukuta unakwenda. Mjomba alinieleza hilo tukiwa tumesimama palepale, akaonyesha mzizi mnene kama paja uliopita katikati ya ukuta, akasema, “Huyu sasa ndiye boriti.”

Kazi ya kuokoa ilifanywa na Idara ya Mambo ya Kale kwa misaada ya Ufaransa na Japani kupitia UNESCO, kisha kwa fedha za Marekani pamoja na World Monuments Fund. Mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha ya hatari. Hayo ni maelezo ya karatasi. Nilichokiona mimi ni moshi.

Chokaa ya kale haiuzwi dukani. Mjomba aliijua kazi ile kwa baba yake, na baba yake kwa wake, lakini alikuwa hajaifanya kwa miaka mingi kwa sababu saruji ilikuwa imeua soko. Walipanga kuni kwa duara, magogo chini, vijiti juu, rundo pana kuliko chumba, kisha wakamwaga mawe ya matumbawe juu yake na kuwasha. Tanuu liliwaka usiku kucha. Asubuhi mawe yalikuwa yamegeuka meupe na mepesi, ukiyagonga yanalia kama kigae. Yakamwagiwa maji, yakachemka na kutoa mvuke, yakapasuka yenyewe yakawa unga. Unga ule haukutumiwa siku hiyo. Ulifunikwa ukaachwa ukae wiki nyingi, uive, kisha ndipo ukachanganywa na mchanga. Vijana waliokuwa naye walitaka kujua kwa nini wasichukue mifuko miwili ya saruji wakamaliza Ijumaa.

Jibu la swali hilo liko kwenye ukuta wa zamani. Siku za nyuma, kwa nia njema, nyufa fulani za magofu zilizibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Ukuta wa pwani hunywa maji ya chumvi, na maji hayo lazima yatoke. Yakikuta chokaa hupita na kukauka nje. Yakikuta saruji hurudi ndani ya jiwe, chumvi ikaganda humo na kulimung’unya kutoka tumboni. Baada ya miaka unaona ajabu: kiraka kimesimama imara, jiwe lililokuwa limekizunguka halipo. Mjomba alitumia wiki nzima kung’oa viraka vya namna hiyo kwa tindo ndogo, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Akanifundisha pia kutofautisha mawe. Kuta zimejengwa kwa tumbawe gumu la nchi kavu, lililochimbwa ardhini. Nakshi, mihimili ya milango, na mbavu za kuba zimechongwa kwenye tumbawe laini la baharini, ambalo hukatwa likiwa bichi, hata kwa shoka linakatika, na likikauka hewani linakuwa gumu. Fundi ana siku chache tu za kulichonga. Na vyumba vyote vya nyumba za kale ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, si zaidi. Sultani alipotaka chumba kipana alilazimika kuacha boriti na kujenga kuba. Kwa hiyo ukisimama Husuni na kunyosha mikono ukutani, unajua ni wapi mkoko ulitosha na ni wapi ulihitajika ufalme.

Niliporudi Dar es Salaam baada ya safari hiyo ya kwanza, ofisini kwetu kulikuwa na kalenda yenye picha ya ngome juu ya kisiwa kidogo, ukungu, daraja la mawe. Eilean Donan, Scotland. Nilisoma habari zake na sikuacha kuzifikiria. Ngome ya kwanza pale ni ya karne ya 13. Mwaka 1719, wakati wa uasi dhidi ya mfalme, askari wachache wa Kihispania waliishika, meli za kivita za Uingereza zikaipiga mizinga na kisha ikalipuliwa kwa baruti. Ikakaa gofu kama miaka mia mbili. Mwaka 1911 Luteni Kanali John MacRae-Gilstrap alikinunua kisiwa, na kazi ikaisha mwaka 1932: minara, paa, kila kitu, na lile daraja ambalo halikuwapo zamani. Ulimwengu mzima unaipiga picha kama ngome ya enzi za kati, na kwa kweli sehemu kubwa ya unachokiona ina umri kama wa bibi yangu.

Nilimwonyesha mjomba picha hiyo kwenye simu, safari iliyofuata. Aliikuza, akaikuza tena, akatazama viungo vya mawe. “Wamefanya kazi,” akasema. Kisha, “Kwa nini sisi hatufanyi hivi?”

Nikamweleza nilichosoma: kwamba MacRae alijenga katika enzi ambayo mwenye kisiwa aliweza kuamua, na kwamba leo wakarabati wengi wanafuata Mkataba wa Venice wa 1964, unaosema kazi ya kurudisha jengo inakoma pale kukisia kunapoanza. Husuni hatuna mchoro wa paa lake lote. Hatujui kila kuba ilikaaje. Tukiijenga upya tutakuwa tumejenga ndoto yetu juu ya jumba la mtu. Kwa hiyo wanaziba nyufa, wanafunika vichwa vya kuta mvua isiingie, wanaelekeza maji mbali na genge, wanapanda mikoko na kuweka kinga za mawe dhidi ya mawimbi, basi.

“Yaani hatujengi,” mjomba akasema. “Tunashika.”

Bibi alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele na alikuwa anasikia yote. Yeye hakujali Venice. Alikuwa na hoja moja na aliirudia kwa maneno mbalimbali siku zote nilizokaa: kwamba magofu yana wafadhili na watu hawana. Maji ya kisima chake yalikuwa ya chumvi. Mgonjwa alivushwa kwa mashua usiku. Na sasa mwanawe analipwa kuwapa kuta dawa. “Mimi sikatai,” alisema. “Ila ukuta haujawahi kulala njaa.” Mjomba alijibu kwamba fedha ya ukuta ndiyo iliyonunua mchele anaouchambua. Bibi akasema, ndiyo, na babu yako alinunua cherehani, na cherehani ikaisha.

Sikuwa na jibu kwa mmoja wao na sina mpaka leo. Naona wote wawili walisema kweli, na naona pia kwamba hoja ya bibi huwa haiandikwi kwenye ripoti.

Lilibaki jiwe. Kisheria mjomba alikuwa na haki. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na nakshi ile haikuwa ya juzi. Hofu yake ilikuwa ya kweli pia: yeye ndiye aliyewaambia vijana wake wasichukue hata kokoto, na mamaye anatekea maji juu ya kipande cha jumba la sultani. Mwishowe, kwa ridhaa ya bibi, alimleta nyumbani mtaalamu mmoja wa ukarabati, dada mpole aliyevua viatu mlangoni na kuamkia vizuri. Bibi alimpa kiti na akamwacha mtungi palepale.

Yule dada alipiga magoti. Alipapasa ile kamba ya nakshi kwa kidole, akalipima, akapiga picha, akachora kwenye daftari. Akauliza limetoka chumba gani. Hapo ndipo nilipoisikia habari nzima kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka zaidi ya thelathini. Bibi alisema halikutoka chumba chochote. Baba yake aliliokota pwani, chini ya genge la Husuni, maji yamepwa, baada ya mvua kubwa. Yalikuwapo mengine pamoja nalo, makubwa kuliko hilo, aliyashindwa. Alirudi kesho yake na ndugu zake na hayakuwapo.

“Bahari iliyachukua,” bibi alisema. “Hili mimi nimelikalisha.”

Mtaalamu alikaa kimya kidogo. Kisha akaeleza, kwa upole, kwamba jiwe lisilojulikana mahali pake halirudishwi ukutani, kwa sababu likiwekwa popote litasema uongo. Litakwenda ghalani likiwa na namba. Akasema pia kwamba yeye hana budi kuliandika. Bibi akamuuliza huko ghalani litabeba nini. Yule dada akatabasamu na kusema, halitabeba kitu, mama.

“Basi liandike,” bibi akasema. “Namba si mzigo. Ila leo nina maji humu.”

Likaandikwa. Namba ilitiwa kwa kalamu upande uliolika, herufi ndogo, na likaachwa kwa muda, kwa makubaliano kwamba familia italitunza na halitauzwa wala kuhamishwa. Muda ule haujaisha. Mjomba na mama yake walianza kusemezana tena siku ileile, kwa kugombana kuhusu kuni.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Mtungi ulipasuka wakati wa msiba, watu wengi, watoto wengi, hakuna aliyejua nani. Nilikwenda tena mwaka jana. Tulipanda na mjomba hadi Husuni, naye akanionyesha kuta alizozishika yeye, akizigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Kiraka chake kimoja kilikuwa kimeanza kumomonyoka kwa nje. Nilidhani atasikitika. Akasema ndivyo inavyotakiwa, chokaa ife jiwe libaki, na atakuja mtu kuipaka tena. Akaongeza kwamba vijana wawili aliowafundisha wako Dar es Salaam, mmoja anaendesha bodaboda.

Tulirudi nyumbani jua linazama. Juu ya jiwe sasa ipo ndoo ya plastiki ya bluu yenye mfuniko. Nilikuwa na kiu, nikaivuta kwa mpini ili niifungue.

“Inyanyue,” mjomba alisema kutoka uani, bila kugeuka. “Usiiburuze.”